Kifungo Kirefu na Wanasheria wa Kijiweni

Hukumu ikishasomwa, ushauri huanza kabla karandinga halijatoka uani mwa mahakama. Shangazi analia, kaka yuko kwenye simu anatafuta wakili, na pembeni hakosekani mtu aliyewahi kukaa mahabusu miezi mitatu, ambaye sasa ndiye mwanasheria wa ukoo. Anasema kwa uhakika kumshinda hakimu aliyetoka kusoma hukumu. Mengi anayoyasema kuhusu rufaa ya adhabu si kweli. Mengine ni ya kweli nusu, na hayo ndiyo mabaya zaidi, maana ndiyo yanayomfanya mtu aache siku zipite, au auze kiwanja kulipia rufaa isiyo na pa kushika. Nayajibu hapa yale yanayorudiwa zaidi Tanzania na kwa jirani zetu Kenya. Nazungumzia makosa mazito: kuua bila kukusudia, ubakaji, unajisi, unyang'anyi wa kutumia silaha. Kesi ya kuku ina mambo yake.

"Ulishakiri kosa, rufaa huna tena."

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania inasema kweli kwamba aliyetiwa hatiani kwa kukiri kwake hawezi kukata rufaa. Ila sentensi haiishii hapo. Inaendelea: isipokuwa kuhusu ukubwa wa adhabu au uhalali wake. Sheria ya Kenya inasema vivyo hivyo, karibu neno kwa neno, kwa sababu zote mbili zilipakuliwa kutoka chungu kimoja cha enzi za Mwingereza. Kwa hiyo aliyekiri hawezi kurudi kusema "sikutenda", lakini kusema "adhabu imezidi" ni haki yake, na hahitaji kumbembeleza mtu ili apewe.

Tena hata huko kukiri kwenyewe kuna nafasi ya kuhojiwa. Katika shauri la mwaka 1983 ambalo mawakili hulitaja hadi leo, Mahakama Kuu ya Tanzania ilieleza hali ambazo mtu aliyekiri anaweza kupinga hata kutiwa kwake hatiani: maneno ya kukiri yalikuwa na utata, au alikiri kwa kutoelewa, au hati ya mashtaka haikuonyesha kosa linalojulikana kisheria, au mambo aliyoyakubali hayatoshi kuwa kosa hilo. Mtu aliyejibu "ni kweli nilimpiga, lakini alinianza yeye" hajakiri kitu ambacho hakimu angepaswa kukipokea kama kukiri.

Na kuna jambo watu wa kijiweni hulisahau kabisa: kukiri ni miongoni mwa hoja nzito za kupunguziwa adhabu. Mahakama zetu zimekwisha kusema mara nyingi kwamba aliyekiri mapema, akaokoa muda wa mahakama na kuonyesha majuto, anastahili kufikiriwa. Asipofikiriwa, hiyo tayari ni sababu ya rufaa.

"Jaji akiona miaka ni mingi ataipunguza tu, ana moyo."

Hapa ndipo rufaa nyingi hufa. Kanuni ni ya tangu Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ya zamani, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoanzishwa 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, imeirudia miaka yote: mahakama ya juu haigusi adhabu kwa sababu tu yenyewe ingetoa nyingine. Itaigusa ikiwa adhabu si halali. Ikiwa aliyeitoa alifuata kanuni isiyo sahihi, akaacha jambo la msingi au akaingiza lisilohusika. Au ikiwa ni kubwa kupita kiasi kwa namna ambayo haihitaji kutafutwa kwa tochi. Nairobi wanasema hivyo hivyo. Maana yake ni kwamba aliyepewa miaka 12, mbele ya jaji ambaye mwenyewe angetoa 10, atabaki na 12 zake. Tofauti ya maoni si kosa.

Ndiyo maana karatasi nyingi za sababu za rufaa zinazotoka magerezani hazina uzito. Anayeziandika mara nyingi ni mfungwa mwenzake mwenye mwandiko mzuri, naye ana mtindo wake: "Kwamba Mheshimiwa Jaji alikosea kisheria na kiuhalisia kwa kunipa adhabu kubwa." Sababu ya pili inasema hivyo hivyo kwa maneno mengine, ya tatu inataja mama mgonjwa kijijini. Jaji wa rufaa akisoma hapo hajaonyeshwa kosa. Ameonyeshwa huzuni tu.

Tuchukue mfano, wa kubuni lakini wa aina isiyokosekana vikao vyote vya Mahakama Kuu. Ndugu wawili wanagombania mpaka wa shamba. Mmoja anampiga mwenzake kichwani kwa mpini wa jembe, pigo moja, na siku tatu baadaye aliyepigwa anafariki hospitalini. Shtaka la mauaji linabadilishwa kuwa kuua bila kukusudia, mshtakiwa anakiri. Kosa hilo adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha, na chini hakuna kikomo. Jaji anaweza hata kumwachia kwa masharti. Hapo ndipo rufaa ya adhabu inapopata uwanja wake halisi, maana uamuzi wote uko mikononi mwa jaji, na kila mwenye hiari lazima aonyeshe alivyoitumia.

Usianze kusoma mwenendo wa shauri kuanzia mwanzo. Nenda kurasa za mwisho, baada ya kutiwa hatiani. Wakili wa Serikali anasema hana kumbukumbu za makosa ya awali. Wakili wa utetezi anasema mteja wake ni mkosaji wa mara ya kwanza, amekaa mahabusu miaka 4, amekiri, ana watoto 5. Kisha jaji anaandika mistari minne: ameyazingatia yote yaliyosemwa, kuua ni kosa baya, matukio haya yamezidi sana mkoani hapa, kifungo miaka 20. Basi.

Rufaa nzima imo katika mistari hiyo minne. "Ameyazingatia yote" bila kuonyesha yamepunguza nini ni maneno matupu, na inaruhusiwa kusema hivyo kwa adabu. "Yamezidi mkoani" kumetoka wapi, kama hakuna shahidi wala takwimu katika rekodi? Pigo moja, silaha isiyobebwa kwa ajili ya shari, ugomvi uliozuka papo hapo: yametajwa? Miaka 4 ya mahabusu imekwenda wapi? Sababu ya rufaa inayostahili kusomwa inaandikwa hivi: "Kwamba Mheshimiwa Jaji, baada ya kurekodi kuwa mrufani alikiri, ni mkosaji wa mara ya kwanza na amekaa mahabusu miaka 4, hakuonyesha popote namna mambo hayo yalivyoathiri kifungo cha miaka 20." Moja ya aina hiyo inazishinda tano za mama mgonjwa. Watoto 5 nao, nasema kwa masikitiko, hawana uzito ambao familia hudhani. Kila mfungwa ana wanaomtegemea, na mahakama zimezoea kulijibu hilo kwa kusema alipaswa kuwakumbuka kabla.

Jambo jingine la kutafuta kwenye kurasa hizo, kama makosa yalikuwa zaidi ya moja, ni maneno kuhusu vifungo kwenda sambamba. Kote Tanzania na Kenya, mahakama isiposema, kanuni ni kwamba kimoja kinaanza kingine kikiisha. Kwa makosa yaliyotokea katika tukio moja, desturi ya mahakama ni kuyafanya yatumikiwe kwa pamoja. Nimeona watu wakibishania ushahidi wa shahidi wa tatu kurasa nane, huku sentensi moja iliyosahauliwa na hakimu ndiyo iliyowaongezea miaka.

"Miaka thelathini iko kwenye sheria, hakuna cha kukatia rufaa." Na ndugu yake wa Kenya: "Muruatetu alifuta adhabu zote za lazima, kata rufaa upunguziwe."

Haya mawili yanapingana, na kila moja lina chembe ya ukweli. Tuanze na la kwanza. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania imeweka kiwango cha chini cha miaka 30 kwa ubakaji na kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10, adhabu ni kifungo cha maisha. Aliyeua kwa kukusudia, ni kunyongwa. Mbele ya viwango hivyo hoja ya "imezidi" haina maana. Hakimu hakupima chochote, kwa sababu hakupewa cha kupima.

Lakini kuna njia ambayo wa kijiweni hawaioni: ikiwa adhabu imefungwa kwenye kosa, basi kibishanie kile kinacholifanya kosa liwe hilo na si jingine. Umri wa mtoto ni mfano ulio wazi kuliko yote. Kifungo cha maisha kinategemea mtoto awe chini ya miaka 10, na umri huo lazima uthibitishwe, kwa mzazi, cheti au ushahidi mwingine. Kutajwa tu kwenye hati ya mashtaka hakutoshi. Ukikosekana uthibitisho, maisha hayasimami. Kadhalika unyang'anyi bila uthibitisho wa silaha, au bila uthibitisho kwamba nguvu au vitisho vilitumika kwa mtu, hushuka hadi kosa dogo zaidi. Mauaji bila dhamira ovu hushuka kuwa kuua bila kukusudia, na kitanzi huondoka kwa kuwa kosa limebadilika, bila jaji kuhitaji kumhurumia mtu.

Upo pia umri wa mshtakiwa. Sheria yetu ya ubakaji inasema mvulana wa miaka 18 au chini, akiwa ni mkosaji wa mara ya kwanza, adhabu yake ni viboko tu. Kijana aliyekuwa na miaka 18 siku ya tukio akapewa 30 gerezani hana adhabu kubwa. Ana adhabu isiyo halali, na hiyo haihitaji huruma ya mtu yeyote kuondolewa. Inashangaza jinsi tarehe ya kuzaliwa inavyosahauliwa na kila mtu chumbani, pamoja na mwenye tarehe hiyo.

Sasa la Kenya. Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Upeo ilisema ulazima wa adhabu ya kifo kwa mauaji unakwenda kinyume cha Katiba, kwa sababu unamnyima jaji nafasi ya kusikiliza sababu za kupunguza adhabu. Adhabu ya kifo yenyewe haikufutwa, ulazima wake ndio ulioondoka. Uamuzi ule ulishika moto magerezani. Waliofungwa kwa wizi wa mabavu, kwa unajisi, kwa kila kitu, wakamiminika mahakamani wakiomba adhabu upya, na mahakama nyingine zikawapa. Ndipo tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Upeo ikarudi kueleza: uamuzi wetu unahusu mauaji, kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, basi, wenye makosa mengine wafungue kesi zao zifike kwetu kwa utaratibu.

Zilifika. Mwanamume aliyehukumiwa miaka 20 kwa unajisi alikuwa amepunguziwa na Mahakama ya Rufaa hadi 15. Upande wa mashtaka ukapanda juu, na tarehe 12 Julai 2024 Mahakama ya Upeo ikairudisha ile 20: kiwango cha chini katika Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ni kazi ya Bunge, na mahakama haikuwa na uwezo wa kushuka chini yake wakati kifungu chenyewe hakijatangazwa batili kwa utaratibu unaotakiwa. Aprili 2025 ikafuata na vifungo vya maisha, ambavyo Mahakama ya Rufaa ilikuwa imevigeuza kuwa miaka 30 au 40, navyo vikarudishwa. Mtu anayemwambia mfungwa wa Kenya leo kwamba "Muruatetu atakutoa", akiwa amefungwa kwa unajisi, anamuuzia sarafu iliyokwisha kuondolewa sokoni.

Binafsi naona viwango vya chini visivyoacha nafasi hata ya inchi vinaleta dhuluma zao, hasa pale vijana wawili waliopishana umri kwa miaka michache wanapopimwa kwa mizani moja na mtu mzima aliyewinda mtoto. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ilisema mwaka 2019 kwamba ulazima wa adhabu ya kifo Tanzania unakiuka haki ya kuishi. Lakini maoni yangu, na hata uamuzi wa Arusha, si sababu ya rufaa itakayokubaliwa kesho asubuhi na jaji anayefungwa na sheria iliyoko. Anayemshauri mfungwa lazima atofautishe sheria anayoitamani na ile iliyopo.

"Kumpigania mtu kama huyo apunguziwe ni kumtukana mtoto wa watu."

Hasira hiyo naielewa, na anayeidharau hajawahi kukaa na familia ya mtoto aliyeumizwa. Lakini tazama rufaa ya adhabu inaomba nini hasa. Inaanza kwa kukubali hatia. Haisemi mtoto alidanganya, haimwiti tena kizimbani, haiombi kesi isikilizwe upya. Rufaa inayomrudisha mtoto kusimulia tena ni ile ya kupinga hatia, inapoishia kwa amri ya kuanza kesi upya kwa sababu ya dosari fulani ya utaratibu. Aliyeumizwa ana kila sababu ya kutaka adhabu itolewe sawasawa siku ile ile, kwa sababu adhabu iliyotolewa ovyo ndiyo inayofumuliwa miaka kumi baadaye, jina lake likiwa bado kwenye jalada.

Na njia hii si ya mfungwa peke yake. Tanzania, Mkurugenzi wa Mashtaka asiporidhika na adhabu ya mahakama ya chini anaweza kukata rufaa kwamba ni ndogo mno. Ile miaka 20 ya Kenya ilirudi kwa njia hiyo hiyo.

"Jaribu tu, rufaa haina hasara."

Ina hasara. Mahakama ya rufaa, huku na huko, ina mamlaka ya kupunguza adhabu na ya kuiongeza. Kwa kawaida haitaongeza kwa kushtukiza: Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilieleza mwaka 2013 kwamba mrufani lazima aonywe mapema, ama na upande wa mashtaka kwa notisi au na mahakama yenyewe, ili aweze kuondoa rufaa yake akitaka. Hatari kubwa ni kwa yule aliyependelewa. Mtu aliyepewa miaka 15 kwa kosa ambalo sheria inataka 30, anapokwenda kulalamika kwamba 15 ni nyingi, anawaonyesha majaji adhabu isiyo halali, nao hawawezi kuiacha hivyo. Kabla ya kukata rufaa, uliza sheria ilitaka nini. Kuna watu wanaopaswa kunyamaza, wakatumikie.

"Siku zimepita, imekwisha."

Si lazima. Kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi Tanzania, notisi ya kusudio la kukata rufaa ni ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, notisi ni siku 30. Kenya ni siku 14. Aliye gerezani anapeleka karatasi zake kwa Mkuu wa Gereza, ambaye ndiye mwenye wajibu wa kuzifikisha. Hapaswi kuadhibiwa kwa uzembe wa ofisi. Aliyechelewa anaomba kuongezewa muda, na anatakiwa kuonyesha sababu ya msingi: nakala zilichelewa, alihamishwa gereza. "Sikujua sheria" haimsaidii.

"Ikishindikana huku, tutapanda mpaka juu kabisa."

Kwa Kenya, hapana. Kifungu cha 361 cha sheria yao ya mwenendo wa jinai kinasema wazi kwamba ukali wa adhabu ni suala la ukweli wa mambo, na rufaa ya pili ni ya masuala ya sheria tu. Aliyehukumiwa na hakimu ana nafasi moja ya kusema adhabu imezidi, nayo ni Mahakama Kuu. Akiitumia kubishania kila kitu isipokuwa adhabu, haitarudi. Uhalali wa adhabu ni jambo jingine na unaweza kufuatwa juu, kama vile kutohesabiwa siku za mahabusu, ambazo kifungu cha 333(2) kinamlazimisha hakimu wa Kenya kuzizingatia. Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka 2018 kwamba haitoshi kuandika zimezingatiwa halafu kifungo kikaanza siku ya hukumu.

"Usihangaike, subiri msamaha wa Rais."

Hapa mfano unaotajwa daima ni wa wanamuziki Nguza Viking, maarufu kama Babu Seya, na mwanawe Papii Kocha, na wengi huusimulia kana kwamba walishinda rufaa. Walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004. Mahakama Kuu iliitupa rufaa yao. Mahakama ya Rufani mwaka 2010 iliwaachia watoto wengine wawili wa Nguza kwa kukosekana ushahidi dhidi yao, na ikaacha adhabu ya baba na Papii Kocha kama ilivyokuwa, kwa sababu kwa kosa lile la kubaka watoto wa chini ya miaka 10 hapakuwa na kiwango kingine. Waliotoka tarehe 9 Desemba 2017 walitoka kwa msamaha wa Rais Magufuli, chini ya Katiba. Uamuzi huo ni wa Rais peke yake: hauombwi kwa hoja za sheria, haukatiwi rufaa ukikosa. Misamaha ya kawaida ya sikukuu za kitaifa huja na masharti, na ubakaji, unyang'anyi wa kutumia silaha na dawa za kulevya mara nyingi huwa miongoni mwa makosa yanayoachwa nje. Kenya kuna kamati maalumu ya kumshauri Rais chini ya Katiba ya 2010, na maombi yake yanaweza kuandikwa na mfungwa mwenyewe, lakini si mbadala wa rufaa ambayo siku zake 14 zilianza kuhesabiwa tangu hukumu iliposomwa.